Ua dogo la urujuani kwenye jabali, Usambara Mashariki: naomba msaada wa kulitambua pamoja na makazi yake

Mpanda_Mlima (mleta mada)

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninaomba msaada wa wenye ujuzi wa mimea ya porini.

Katika njia ya msitu inayopanda kutoka Zigi kuelekea Amani, wilayani Muheza, kuna jabali kubwa kando ya kijito, na ubavu wake unaotazama maji umefunikwa na kuvumwani tangu chini hadi juu. Katika nyufa za ubavu huo umeota mmea mdogo usiozidi upana wa kiganja. Majani yake yana vinyweleo na yamejipanga kwa duara yakibana jiwe, na katikati yake yamechomoza maua machache ya rangi ya urujuani yenye alama ya manjano. Kilichonishangaza ni kwamba juu ya jabali hilohilo, palipo bapa na penye udongo wa kutosha, mmea huo haupo kabisa, bali pamejaa kangaga na miche ya miti. Na ng'ambo ya kijito, ardhini, vilevile sikuuona.

Nina maswali mawili. Huu ni mmea gani? Na kwa nini umeng'ang'ania ubavu mmoja wa jiwe wakati msitu wote uko wazi kwake?

Bustani_Nyumbani

Ndugu mleta mada, hilo ni ua la violeti linalouzwa na wauza maua mijini kwenye vyungu vidogo. Mimi ninalo dirishani. Naamini lilitoroka kutoka katika bustani ya zamani ya Wajerumani pale Amani, kwa sababu wao ndio waliopanda mimea mingi ya kigeni katika eneo hilo tangu mwaka 1902.

Jani_Kavu

Nimeisoma mada hii kwa hamu, kwa kuwa kazi yangu ni kuhifadhi na kupanga vielelezo vya mimea iliyokaushwa, na maswali ya namna hii hutufikia mara kwa mara yakiwa na picha moja tu ya ua lililopigwa kwa mbele. Mleta mada amefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kueleza mmea umesimama juu ya nini, umeelekea wapi, na mahali gani ambapo haupo ingawa mtu angetarajia kuukuta. Kwa mmea huu, maelezo hayo ni nusu ya jibu.

Dada Bustani_Nyumbani, umekaribia sana, ila safari ya ua hilo ilikuwa ya upande wa pili. Halikutoka bustanini kwenda msituni. Lilitoka msituni mwetu likaenda kwenye madirisha ya dunia nzima. Hata hivyo nisingependa tulipitishe jina kwa kutazama rangi peke yake, kwa sababu katika misitu ile ile kuna mimea mingine kadhaa yenye maua ya urujuani inayopenda kivuli na maji.

Ipo jamii ya Impatiens, ambayo imejaa kando ya vijito vya Usambara. Hiyo ina shina lenye majimaji linalovunjika upesi, na nyuma ya ua kuna mkia mwembamba wenye nekta, yaani maji matamu ya ua; tunda lake likikomaa ukiligusa hupasuka na kurusha mbegu. Upo pia mmea uitwao Streptocarpus saxorum, ambao nao huota juu ya mawe na ni wa ukoo uleule wa ua letu, lakini majani yake ni madogo na manene, yamepangika kwenye mashina yanayoning'inia, na ua lake hukaa kwenye kikonyo kirefu likiwa na bomba jeupe linaloonekana wazi kabla ya petali kutanuka. Tena kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki kuna violeti ya kweli, Viola abyssinica, yenye shina linalotambaa kwenye majani ya pembezoni mwa msitu na mkia mfupi nyuma ya ua. Ua la dirishani lilipewa jina la violeti kwa kufanana naye sura tu. Kwa undugu hawahusiani.

Kwa hiyo, ndugu Mpanda_Mlima, naomba utuambie mambo manne kama unayo kwenye picha zako: je, ua lina mkia nyuma? Ukilitazama kwa ubavu, lina bomba refu au ni kama limebandikwa? Ile alama ya manjano ni rangi iliyopakwa kwenye petali au ni kitu kinachojitokeza? Na je, kuna uzi mwembamba unaochomoza kando ya hiyo manjano, na kama upo, umeelekea upande gani?

Mpanda_Mlima

Nashukuru sana, mtaalamu. Nimezikuza picha zote na hali ni hii.

Nyuma ya ua hakuna mkia. Bomba ni fupi mno kiasi kwamba ukilitazama kwa ubavu unaona petali zikitanuka mara tu baada ya kikonyo. Petali ni tano zilizoungana chini: mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa zaidi. Manjano ile si rangi ya petali. Ni vifuko viwili vilivyovimba na kugusana ncha kwa ncha. Kuhusu uzi, upo, una rangi ya zambarau iliyokolea, na jambo la ajabu ni kwamba katika ua moja umeinamia kushoto na katika ua jingine la mmea huohuo umeinamia kulia. Nilidhani limeharibiwa na mvua.

Majani ni ya mviringo kiasi, ukingo wake una meno madogo butu, na vikonyo vya majani ni virefu kuliko nilivyotarajia. Mmea mmoja ulikuwa na shina linalotambaa juu ya kuvumwani kwa urefu wa kama dole gumba mara mbili, na mwishoni mwa shina hilo lilikuwapo kundi jingine la majani.

Jani_Kavu

Sasa tunaweza kusema bila wasiwasi. Huo ni mmea ambao kwa miaka zaidi ya mia moja umeitwa Saintpaulia ionantha, wa familia ya Gesneriaceae. Bomba fupi, petali tano zisizolingana na vifuko viwili tu vya chavua vilivyogusana ndizo alama zake.

Uzi ule haukuharibiwa na mvua. Ndio mrija unaopokea chavua, na kuinamia kushoto katika maua mengine na kulia katika mengine ni maumbile yake. Ua hili halina nekta. Mdudu analiendea kwa ajili ya chavua tu, nayo imefungiwa ndani ya vile vifuko vya manjano. Nyuki anayeweza kuipata ni yule anayelishika ua kwa miguu na kutetemesha misuli ya mabawa yake kwa nguvu mpaka chavua itoke. Katika milima ya Taita nyuki wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Amegilla wameonekana wakilitembelea jamaa wa ua hili kwa namna hiyo. Nyuki anapokuwa amelikumbatia ua, mrija ulioinama kushoto humgusa ubavu mmoja, na ulioinama kulia humgusa ubavu wa pili, kwa hiyo chavua huelekea kuhama kutoka ua la namna moja kwenda la namna nyingine. Ukisimama kimya mbele ya jabali asubuhi huenda ukasikia mvumo wake ukibadilika na kuwa mkali zaidi pindi anapotua.

Kuhusu swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Mmea huu ni mfupi na hukua polepole, na jani lake pana lenye vinyweleo haliwezi kujinasua likifunikwa. Katika ardhi bapa ya msitu majani ya miti huanguka mwaka mzima, na mmea wa kimo cha vidole viwili hufukiwa kabla haujatoa ua. Na ukiponea hapo, kangaga na miche huuzidi kimo na kuunyima mwanga hata ule mdogo uliopo. Kwenye ubavu wa jiwe uliosimama wima, majani makavu huteleza na kupita, na mimea mikubwa hukosa udongo wa kushikia mizizi. Ua letu halihitaji udongo mwingi: ufa wenye kuvumwani na chembe za mboji unalitosha. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, nazo zikiangukia kwenye kuvumwani mbichi hushika, zikiangukia kwenye jiwe kavu hufa. Ndiyo maana upande unaotazama maji una mimea na upande mwingine hauna.

Ongeza hapo kwamba Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, inayoletwa na upepo wa Bahari ya Hindi unaogonga milima, na kwamba hata miezi isiyo na mvua kubwa huwa na ukungu. Jiwe lililo chini ya miti mirefu kando ya kijito halikauki kabisa.

Shina linalotambaa na vikonyo virefu vya majani vinanielekeza kwenye nususpishi, yaani tawi dogo ndani ya spishi moja, iitwayo grotei, ambayo ndiyo ya kawaida katika Usambara Mashariki. Lakini kwa ngazi hiyo nisingethubutu kuapa kwa picha. Wataalamu hutenganisha makundi haya kwa vinyweleo vya upande wa juu wa jani: kama vimesimama au vimelala, kama ni vya urefu mmoja au virefu na vifupi vimechanganyika. Hayo huonekana kwa lenzi ya mkononi, na jani likiwa bado bichi.

Mwana_wa_Kaya

Naomba kuingia kwa heshima. Mimi ni mtu wa Kilifi, Kenya, na maelezo ya Jani_Kavu yamenichanganya kidogo. Huku kwetu, ndani ya misitu midogo yenye mawe ya chokaa, tuna ua lenye sura hiyohiyo: vifuko viwili vya manjano, majani ya duara yaliyobana jiwe. Sisi hatuna ukungu, hatuna milima mirefu, na joto letu mnalijua. Wakati wa kiangazi majani yake hulegea mpaka unadhani yamekufa, kisha mvua ya kwanza ikinyesha yanasimama tena. Inawezekanaje mmea wa baridi ya Amani ukaishi huku?

Jani_Kavu

Swali zuri, ndugu yangu wa Kilifi, na linaifanya mada iwe pana kuliko jabali moja.

Hilo lenu ni nususpishi iitwayo rupicola, na linajulikana kutoka katika miamba ya chokaa ya pwani ya Kenya. Kinachounganisha Kilifi na Amani si baridi wala urefu wa mlima, ni jiwe lenye kivuli linalotunza unyevu ndani ya nyufa zake. Chokaa imejaa mashimo na mapango madogo. Jua la juu ya mti ni kali, lakini ndani ya ufa ulio chini ya mti, nusu mita tu kutoka nje, hewa ni nyingine kabisa. Mimea hii kwa ujumla wake inapatikana kuanzia karibu na usawa wa bahari hadi mwinuko unaozidi mita 2,000, na hata kisiwa cha Mafia kina nususpishi yake, mafiensis. Mtu anayeutafuta kwa kufuata ramani ya mwinuko atapotea; afuate mawe na kivuli.

Hata historia yake ilianza kwa makazi haya mawili. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huku, aliukuta mwaka 1892 katika nyufa za mawe ya chokaa karibu na mji wa Tanga, chini kabisa, na pia kwenye miamba ya msitu wa Usambara kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 700. Alimpelekea baba yake Ujerumani, naye akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkurugenzi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, ambaye aliuchapisha rasmi mwaka 1893. Lakini Saint Paul-Illaire hakuwa mgeni wa kwanza kuuchukua. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa amekwisha kuupeleka Kew, bustani ya mimea ya London, mwaka 1884, na mwaka 1887 ukapelekwa tena na mmishenari W. E. Taylor kutoka pande za Giriama na Shimba, yaani huko huko pwani yenu. Taylor ni yuleyule ambaye wapenzi wa ushairi wanamjua kwa kukusanya tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa. Vielelezo vyao havikutosha kuelezea mmea mpya, basi vikakaa makabatini. Kuhusu wenyeji waliopita mbele ya mawe hayo vizazi na vizazi, vitabu havisemi chochote, na mimi huona hilo ni pengo linalostahili kujazwa na watu wa huku.

Mtafiti_Mwanafunzi

Samahani, mwalimu. Katika orodha mpya nimekuta jina Streptocarpus ionanthus, na katika vitabu vya zamani nimekuta majina kama Saintpaulia confusa, Saintpaulia difficilis na Saintpaulia magungensis, yote yakitoka Usambara. Je, ni mimea tofauti? Niandike jina lipi kwenye lebo ya kielelezo?

Jani_Kavu

Andika Streptocarpus ionanthus, na pembeni uweke Saintpaulia ionantha ili asiyefuatilia mabadiliko asipotee.

Yametokea mambo mawili tofauti, na wengi huyachanganya. La kwanza ni la idadi ya spishi. B. L. Burtt wa bustani ya Edinburgh, katika kazi zake za miaka ya 1958 na 1964, aliigawa Saintpaulia katika spishi ishirini hivi, akitegemea sana vinyweleo vya majani na namna mmea unavyokua. Baadaye ilionekana kwamba ukikusanya vielelezo vingi kutoka mlima hadi mlima, mipaka mingi hufutika, na kwamba nyingi kati ya spishi hizo huzaliana bila shida zikipandwa pamoja. Mwaka 2006 mtaalamu wa mimea Ian Darbyshire alizipunguza zikawa chini ya kumi, na hayo majina matatu uliyoyataja yakaingizwa ndani ya nususpishi ya grotei. Zilizobaki peke yake ni zile zenye tofauti za wazi, kama teitensis ya msitu wa Mbololo huko Taita, shumensis ya sehemu kavu zaidi za Usambara Magharibi, na goetzeana yenye majani madogo inayotambaa katika Uluguru.

La pili ni la jenasi. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba Saintpaulia imezaliwa ndani ya Streptocarpus, si pembeni yake, na mwaka 2015 jenasi yote ikaunganishwa humo. Nakubaliana na uamuzi huo, ingawa nakiri kwamba msituni haunisaidii: Streptocarpus wengi wana tunda lililosokotwa kama kamba, na ua letu halina. Ukiona tunda limenyooka, mmea ukiwa na majani ya duara na bomba fupi la ua, endelea kufikiri kwa jina la zamani. Utafika upesi zaidi.

Mkulima_wa_Iliki

Mimi nimezaliwa katika kijiji kilicho mpakani mwa msitu, Usambara Mashariki. Ua hilo tunaliona tangu utoto. Napenda kuongeza jambo moja ambalo wataalamu hulisema juu juu. Wazee wetu walilima iliki chini ya miti mikubwa, wakikata miti midogo na vichaka ili iliki ipate mwanga. Jabali lililokuwa katikati ya shamba la namna hiyo halikuguswa na mtu, wala hakuna aliyeng'oa ua, lakini baada ya misimu kadhaa kuvumwani kwenye ubavu wake kuligeuka rangi ya majani makavu kukabanduka, na maua yakaondoka pamoja nako. Jiwe lipo mpaka leo, tupu.

Jani_Kavu

Ushahidi wako, mzee wangu, una uzito kuliko maandishi mengi. Jiwe likibaki bila kivuli limekwisha kama makazi, hata kama ramani itaonyesha kwamba eneo hilo bado ni msitu. Iliki ni sababu moja. Nyingine ni mimea vamizi: mti wa Maesopsis eminii, ambao Uganda huitwa musizi na ambao uliletwa Amani kama mti wa mbao, umeenea sana ndani ya msitu wa Usambara Mashariki, na kichaka cha Clidemia hirta hufunga kingo za vijito mahali palipowahi kufunguliwa. Huko pwani hatari ni ya namna nyingine: chokaa yenyewe ni mali, na jiwe likichimbwa hakuna cha kurudisha. Hifadhi ya mazingira asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997 na imelinda sehemu kubwa ya milima, lakini mawe mengi yenye ua hili yako nje ya mipaka, katika mabonde ya mashamba na kingo za vijito vya vijijini.

Bustani_Nyumbani

Nimejifunza mengi, na nafurahi kujua kwamba ua langu ni mzaliwa wa Tanga. Naomba kuuliza: je, mtu akipita pale anaweza kuchuma jani moja tu akaliotesha nyumbani? La dukani huota kwa jani, nimelijaribu.

Jani_Kavu

Dada, kweli huota kwa jani moja lililokatwa na kikonyo chake, na ndiyo maana naomba usilichume. Ndani ya hifadhi kuchukua sehemu yoyote ya mmea kunahitaji kibali, na Amani iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ambao ndio wa kuwauliza. Nje ya hifadhi jambo la kutazama ni ukubwa wa kundi: jabali moja linaweza kuwa na mimea michache tu, na mmea ukipoteza majani mawili au matatu katika ubavu wenye mwanga hafifu huchukua muda mrefu kuyarudisha. Isitoshe, la msituni huchanua maua machache. La dukani limechaguliwa na kuchanganywa kwa vizazi vingi, hasa tangu mwaka 1926 wakulima wa maua wa Los Angeles walipopanda mbegu kutoka Ulaya na kubakiza zile bora kumi. Kwa dirisha lako, la dukani ni bora.

Ndugu Mpanda_Mlima, ningekuomba mambo mawili ukirudi. Usiandike hapa alama za satelaiti (GPS) zinazoonyesha jabali hilo lilipo. Mtaje mlima na kijito, inatosha, kwani wakusanyaji wa mimea adimu nao husoma nyuzi kama hizi. Na upige picha ya tunda, ukiweka rula pembeni. Tunda hukaa kwenye mmea miezi kadhaa kabla ya kukauka, kwa hiyo utalikuta hata kama maua yamekwisha. Kama ni refu na jembamba au fupi na nene, tutasogea hatua moja kwenye suala la nususpishi.

Mpanda_Mlima

Nimeelewa, na alama za satelaiti nimeziondoa kwenye picha. Nikipita tena nitaleta picha ya tunda, ya upande wa juu wa jani kwa lenzi, na ya ubavu wa pili wa jabali ili tuone kama kweli ni mkavu.